Hitilafu za klachi katika trekta la Massey Ferguson 35 na 135

Klachi ya trekta la Massey Ferguson 35, na ya Massey Ferguson 135 lililolifuata, ni kifaa cha msuguano kinachounganisha injini na giaboksi, na kuvitenganisha kila dereva anapokanyaga pedali. Ni sehemu inayochakaa kidogo kidogo kila siku trekta likifanya kazi. Katika matrekta haya haiwezi kufikiwa bila kulitenganisha trekta katikati, kazi inayoweza kuchukua siku nzima au zaidi katika karakana ya kawaida. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ufundi wa klachi hufanyika kabla ya kufungua bolti hata moja: kusikiliza, kunusa, kupima pedali na kujaribu gia.

Si jambo la ajabu mwenye trekta kulipia kazi hiyo yote, kisha diski ikakutwa nzima na kosa likawa kwenye fimbo ya pedali iliyo nje. Vilevile si ajabu diski mpya ikafungwa na kuungua tena ndani ya msimu mmoja, kwa sababu mafuta yaliyoiharibu ile ya kwanza bado yanavuja.

Matrekta yenyewe

Trekta hili lilitokana na kazi ya Harry Ferguson (1884–1960), mhandisi kutoka Ireland ambaye anajulikana zaidi kwa kubuni namna ya kufunga jembe nyuma ya trekta kwa mikono mitatu inayonyanyuliwa na haidroliki. Trekta lake dogo la TE20 lilianza kutengenezwa mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Ferguson 35 lilitoka mwaka 1956, na baadaye likapewa rangi nyekundu na jina la Massey Ferguson 35. Katikati ya miaka ya 1960 nafasi yake ilichukuliwa na 135.

Mengi ya matrekta hayo yalifungwa injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3 na ujazo wa lita 2.5. Nguvu yake si kubwa kwa viwango vya leo, lakini muundo wake uliendelea kutengenezwa kwa leseni katika nchi nyingine, zikiwemo India, Pakistan, Uturuki na Yugoslavia ya zamani. Ndiyo maana 35, 135 na mdogo wao 240 bado yanaonekana yakilima na kuvuta tela za mahindi, mpunga na miwa katika Afrika ya Mashariki, na vipuri vyake bado vinauzwa madukani. Vipuri hivyo havilingani kwa ubora, jambo ambalo lina uzito kwenye klachi kuliko kwenye sehemu nyingine nyingi.

Muundo

Trekta hili halina fremu. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na kwa pamoja ndivyo uti wa mgongo wa trekta. Klachi imekaa katikati, ndani ya nyumba ya chuma cha kalibu, mbele kidogo ya miguu ya dereva.

Nyuma ya injini kuna flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki. Diski ya klachi, yenye utando wa msuguano pande zote mbili, hubanwa kwenye uso wa flaiwili na presha pleti inayosukumwa na springi kali. Katikati ya diski kuna kitovu chenye meno ya ndani. Humo hupita shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ncha ya mbele ya shafti hiyo inashikiliwa na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili.

Dereva anapokanyaga pedali, uma husukuma beringi ya klachi mbele hadi iguse vidole vya presha pleti. Vidole hivyo hufanya kazi kama mitaimbo midogo: vinasukumwa mbele kwa ndani, na kwa nje vinaivuta presha pleti nyuma. Diski inaachiwa, injini inazunguka peke yake, na gia inaweza kubadilishwa. Mafundi husema klachi "imekata".

Baadhi ya matrekta haya yana klachi moja, mengine yana klachi mbili ndani ya nyumba moja. Katika aina ya pili kuna diski kubwa kwa ajili ya magurudumu na diski ndogo kwa ajili ya shafti ya nguvu, ile inayotokeza nyuma kuzungusha mashine ya kufyekea, pampu au mashine ya kupukuchua. Shafti ya diski moja imepita ndani ya shafti ya nyingine, ambayo ni tupu kama bomba. Pedali ikikanyagwa nusu, trekta husimama na mashine ya nyuma inaendelea kuzunguka. Ikikanyagwa hadi chini, vyote viwili husimama. Fundi anatakiwa kujua kwanza trekta lililo mbele yake ni la aina ipi. Dereva aliyezoea klachi moja akipewa trekta la klachi mbili anaweza kulalamika kwamba pedali "ina hatua mbili", wakati hiyo ndiyo kawaida yake. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: aliyezoea klachi mbili hukanyaga nusu tu na kudhani amekata kila kitu.

Mchezo wa pedali

Kipimo cha kwanza, na ambacho hakigharimu kitu, ni mchezo wa pedali. Huu ni umbali ambao pedali inashuka kwa uzito wa kidole kabla ya kukutana na ugumu wa springi. Katika umbali huo beringi ya klachi bado haijagusa vidole. Katika matrekta mengi ya aina hii mchezo huwa takribani sentimita 2 hadi 3 kwenye kanyagio, ingawa kipimo cha kufuatwa ni kile cha kitabu cha trekta husika. Injini huwa imezimwa, pedali inashushwa kwa mkono, na rula inasimamishwa pembeni.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wenye uzoefu wa magari ya kisasa, ambayo mengi hujirekebisha yenyewe. Diski inapochakaa, mchezo hauongezeki bali hupungua. Diski ikiwa nyembamba, presha pleti husogea mbele kuelekea flaiwili, na ncha za ndani za vidole hurudi nyuma kuifuata beringi. Mwishowe vidole vinaigusa beringi muda wote, hata pasipo mguu kwenye pedali. Beringi inazunguka bila kupumzika na kuungua, na presha pleti haibani kwa nguvu zake zote. Klachi inaanza kuteleza. Kuteleza kunaila diski kwa kasi zaidi, na mchezo unazidi kwisha.

Kwa hiyo trekta linaloteleza na halina mchezo wowote linaweza kuwa na diski ambayo bado ina uhai. Kulegeza kiungo cha pedali kilicho nje ya nyumba ya klachi na kurudisha mchezo kunaweza kulimaliza tatizo kwa nusu saa, mradi lisiwe limeachwa hadi utando ukaungua. Ikiwa kiungo kimefika mwisho wa marekebisho na mchezo haupatikani, hapo diski imekwisha na hakuna la kufanya ila kufungua.

Kabla ya kupima, pedali yenyewe ikaguliwe. Mhimili wake hukauka grisi, hujaa matope na majani, na pedali hairudi juu kabisa. Wengine hufunga kamba ya mpira kuivuta; kamba huficha kosa kwa muda tu. Nipo ya grisi ikiwa imeziba, izibuliwe au ibadilishwe, na springi ya kurudisha pedali iwepo.

Klachi inayoteleza

Dalili hujitokeza kwanza kwenye kazi nzito: plau linapoingia kwenye udongo mgumu, au tela lililojaa linapopanda kilima. Injini inapiga resi lakini trekta linapunguza mwendo. Baadaye kuna harufu kali ya kuungua, ambayo aliyewahi kuinusa haisahau.

Ni lazima kutofautisha mambo matatu yanayofanana machoni pa mtu aliye mbali. Mlio wa injini ukishuka na moshi mweusi ukatoka, injini imezidiwa au haina nguvu, na klachi haihusiki. Magurudumu ya nyuma yakizunguka huku trekta halisogei, kinachoteleza ni tairi juu ya udongo. Ni pale tu mlio wa injini unapopanda na magurudumu yenyewe yakazunguka polepole ndipo klachi inashukiwa.

Jaribio la kawaida hufanywa mahali tambarare, pasipo mtu mbele wala nyuma. Breki zote mbili hufungwa pamoja na kukanyagwa kwa nguvu, gia ya juu huwekwa, injini huachwa kwenye mwendo wa wastani, na pedali ya klachi huachiwa taratibu. Klachi nzima huizima injini mara moja. Klachi mbovu huiacha iendelee kunguruma. Jaribio lisizidi sekunde chache wala lisirudiwe mara nyingi, kwa kuwa kila mara linaunguza kile kinachopimwa.

Ikiwa mchezo upo sawa na klachi bado inateleza, sababu zinazobaki ziko ndani: utando uliochakaa hadi kwenye ribiti, springi zilizolegea kwa joto, au mafuta. Hilo la mwisho linastahili kuchunguzwa peke yake.

Mafuta kwenye klachi

Klachi hii ni kavu. Pande zake zote mbili kuna mafuta yanayozuiwa na sili tu: mbele ni mafuta ya injini, nyuma ni mafuta ya giaboksi. Sili mojawapo ikichoka, mafuta hudondoka ndani ya nyumba ya klachi, flaiwili huyarusha, na diski hulowa.

Watengenezaji waliacha tundu dogo chini ya nyumba ya klachi ili mafuta hayo yatoke nje, na ndani ya tundu wakaning'iniza kotapini inayotikisika ili matope yasizibe. Baada ya miaka hamsini au sitini kotapini nyingi zimepotea na matundu yameziba kwa udongo uliokauka kama saruji. Kulizibua kwa waya ni uchunguzi wenyewe. Kikitoka kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya dizeli, ni mafuta ya injini, na mtuhumiwa ni sili ya nyuma ya krenki. Yakitoka mazito, yenye rangi ya asali au ya maziwa kama yameingiwa na maji, yametoka kwenye giaboksi. Katika matrekta haya mafuta ya giaboksi ndiyo hayohayo yanayoendesha haidroliki, hivyo kiwango kinachopungua bila kuonekana pa kuvuja kinaweza kuwa kinaishia kwenye klachi.

Kuiosha diski iliyolowa kwa petroli na kuirudisha ni desturi iliyoenea na haina faida. Utando umeshayanywa mafuta. Joto la kwanza huyarudisha juu. Diski hiyo huteleza, na ikipoa hushika kwa kurukaruka.

Klachi isiyokata

Hapa shida ni ya upande wa pili: pedali iko chini kabisa lakini injini bado inazungusha giaboksi. Gia zinalia zinapoingizwa, hasa ya kurudi nyuma, au trekta linatambaa lenyewe. Kujaribu, injini huachwa ikinguruma polepole, pedali hukanyagwa hadi chini na kushikiliwa kwa sekunde kumi hivi, kisha gia ya kurudi nyuma huingizwa. Muda huo unatosha shafti kusimama ikiwa imeachiwa. Gia ikilia hata baada ya kusubiri, klachi haijakata.

Sababu nyepesi ni mchezo uliozidi: pedali inamaliza safari yake kabla beringi haijavisukuma vidole vya kutosha. Mara nyingi hili huletwa na mtu aliyerekebisha pedali akijaribu kutibu kuteleza na kupita kiasi. Sababu nyingine ya nje ni kulegea kwa viungo. Pini za pedali zimelika, mashimo yamekuwa marefu kama yai, na nusu ya safari ya mguu inaishia kwenye uwazi huo. Mtu mmoja akikanyaga pedali huku mwingine akiuangalia mkono ulio kwenye nyumba ya klachi, kasoro hiyo huonekana wazi. Pedali ikishuka na mkono wa nje ukazunguka sawasawa, lakini hakuna kinachokatwa, basi uma umelegea kwenye mhimili wake au umevunjika ndani.

Trekta lililosimama kwa miezi mingi lina ugonjwa wake. Baada ya masika, likiwa limeegeshwa chini ya mti au kwenye banda linalovuja, unyevu huingia kwenye nyumba ya klachi na diski ikashikana na flaiwili kwa kutu. Mwenye trekta hulikuta limelala salama, analiwasha, na gia haiingii kabisa. Pedali iko sawa, mchezo uko sawa, jana lilikuwa zima. Jana hiyo ni ya miezi minne iliyopita. Hapa kulitenganisha trekta ni hatua ya mwisho. Kwanza injini hupashwa moto kwa muda mrefu, kwa kuwa joto peke yake huweza kuachanisha. Isipotosha, trekta huvutwa na jingine kwa nondo ngumu badala ya mnyororo, likiwa ndani ya gia na pedali imekanyagwa, na dereva anapiga breki kidogo kidogo hadi diski inaachia kwa kishindo. Ni kazi ya madereva wawili wanaoelewana kwa ishara, kwenye uwanja mpana, maana ikiachia huachia ghafla. Ili isitokee tena, trekta linaloegeshwa kwa msimu huwekwa kipande cha mbao kinachoishikilia pedali chini.

Sababu za ndani ni diski iliyopinda, kitovu kilichokwama kwenye meno ya shafti kwa kukosa grisi, vidole visivyolingana kimo, au beringi ndogo ya flaiwili iliyokufa. Hii ya mwisho ni ya kudanganya. Presha pleti imeachia kweli, lakini beringi iliyoganda inaendelea kuikokota shafti.

Katika matrekta ya klachi moja kuna jambo jingine linaloonekana kama klachi isiyokata, nalo si hitilafu ya klachi. Shafti ya nguvu imeunganishwa na giaboksi nyuma ya klachi. Mashine nzito ya kufyekea ikiwa inazunguka, dereva akikanyaga pedali, uzito wa visu unaendelea kuzunguka na kuirudisha nguvu kwenye giaboksi, na trekta linaendelea kusukumwa mbele. Watu wameingia mitaroni na kwenye nyua kwa njia hii wakiwa wamekanyaga klachi hadi mwisho. Dawa yake ni kufunga kwenye shafti ya nguvu kiungo kinachozunguka upande mmoja tu, ili mashine isiweze kulisukuma trekta. Dalili inayotofautisha ni rahisi: likitambaa wakati mashine ya nyuma imefunguliwa pia, klachi ndiyo yenye kosa.

Multi-Power na kuteremka

Baadhi ya matrekta ya 35 ya mwishoni na mengi ya 135 yana mfumo wa Multi-Power, unaobadilisha mwendo kati ya hatua ya juu na ya chini bila kukanyaga pedali. Ndani yake kuna klachi nyingine ndogo inayobanwa na shinikizo la mafuta. Trekta likiteleza kwenye hatua ya juu na kuvuta vizuri kwenye hatua ya chini, kosa liko kwenye mfumo huo au pampu yake, na kubadilisha klachi kuu ni kutupa pesa.

Kubwa zaidi ni kwamba kwenye hatua ya chini mfumo huu hauzuiwi na injini wakati wa kuteremka. Trekta lenye tela hukimbia kama lililo huru, na dereva huapa kwamba klachi imekufa ghafla. Klachi haijafa, ndivyo lilivyoundwa. Mteremkoni hatua ya juu ndiyo huwekwa, pamoja na gia ndogo, kabla ya kuanza kushuka.

Klachi inayoshika ghafla

Trekta linaporuka au kutetemeka wakati pedali inaachiwa, kwa kawaida utando una mafuta, umekuwa mgumu na kung'aa kama kioo, au uso wa flaiwili umepata madoa ya joto. Bolti zinazofunga injini na nyumba ya klachi zikaguliwe pia, kwani zikilegea hutoa mtikisiko unaofanana.

Hitilafu hii hudharauliwa kwa kuwa trekta bado linalima. Lakini klachi inayoshika yote kwa mara moja, trekta likiwa limenasa kwenye tope au limefungiwa gogo mahali pa juu kuliko ekseli, huinyanyua pua ya trekta. Magurudumu ya nyuma yakikataa kuzunguka, mwili wa trekta ndio unaozunguka kuyazunguka magurudumu. Linaweza kupinduka kwa nyuma na kumlalia dereva chini ya sekunde mbili, muda mfupi kuliko anaohitaji kurudisha mguu kwenye pedali. Matrekta mengi ya umri huu hayana fremu ya kumkinga.

Milio

Milio husaidia kwa sababu kila beringi huzunguka kwa wakati wake. Injini ikiwa imewashwa na gia haijaingizwa, pedali hukanyagwa polepole kwa hatua. Mlio unaoanza pale tu mchezo unapokwisha, pedali ikigusa vidole, ni wa beringi ya klachi. Mlio unaosikika pedali ikiwa juu na kutoweka ikikanyagwa ni wa beringi ya shafti ya giaboksi. Ule unaojitokeza pedali ikiwa chini kabisa, na kuzidi trekta likiwa ndani ya gia huku limesimama, mara nyingi ni wa beringi ndogo ya flaiwili, kwa kuwa hapo ndipo krenki inazunguka na shafti imetulia.

Kulitenganisha trekta

Ikithibitika kosa liko ndani, trekta hutenganishwa kati ya injini na nyumba ya klachi. Hatari kubwa iko mbele. Ekseli ya mbele imefungwa kwa pini moja katikati ili iweze kufuata mabonde ya shamba. Bolti zikishafunguliwa, injini nzima inaweza kulala upande mmoja juu ya pini hiyo. Kabari za mbao ngumu hupigwa pande zote mbili kati ya ekseli na mwili kabla ya kitu kingine chochote. Sehemu ya nyuma huwekwa kwenye stendi imara juu ya sakafu ngumu na magurudumu huzuiwa. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Betri hufunguliwa, mafuta ya dizeli hufungwa, na nyaya, mabomba na fimbo za usukani huachanishwa mapema, zisije zikakatika nusu moja inapovutwa.

Vumbi lililomo ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Diski za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu na saratani miaka mingi baada ya kuvutwa. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho hutupwa.

Kwa kuwa gharama kubwa ni ya kufungua na kufunga, kubadilisha diski peke yake ni ubahili unaokula pesa. Beringi ya klachi, beringi ndogo ya flaiwili na sili zote mbili hubadilishwa pamoja, hata zikionekana nzima. Flaiwili yenye mistari mirefu au nyufa hupelekwa kuchongwa. Uma na pini zake hutikiswa kuona kama zimelegea.

Diski mpya lazima ikae katikati kabisa, na upande wake uwe sahihi, kwani kitovu hutokeza zaidi upande mmoja. Ikigeuzwa, hugonga flaiwili na klachi haikati. Shafti ya zamani ya giaboksi hutumika kuilenga. Bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Vidole hupimwa na kurekebishwa hadi viwe na kimo kimoja. Hili ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi, hasa kwa presha pleti iliyonunuliwa ikiwa kwenye boksi na kudhaniwa kwamba imeshapimwa kiwandani. Katika klachi mbili kuna marekebisho ya ziada ya diski ya shafti ya nguvu, ambayo kwa bahati nzuri hufikiwa kupitia kifuniko kidogo kwenye nyumba ya klachi hata trekta likiwa limefungwa.

Wakati wa kuunganisha, nusu mbili husogezwa kwa mikono, na flaiwili huzungushwa taratibu hadi meno ya shafti yaingie yenyewe. Zikigoma, bolti hazitumiki kuzivuta: kitovu cha diski hupinda bila sauti, na trekta lililokuwa linateleza hutoka karakana likiwa halikati. Zikishakutana na kukazwa, mchezo wa pedali hupimwa upya, na hupimwa tena baada ya saa chache za kwanza za kazi, utando mpya unapokuwa umekaa.